Wiki tatu kwa ofisi ya kukodisha meza Milimani, Kisumu: meza sawa, kile chumba cha vioo hapana

Watu wameniuliza sana kuhusu hii ofisi ya kukodisha meza naendanga siku hizi huku Milimani, sasa wacha niandike mara moja niache kujibu mmoja mmoja. Jina sitaji, juu kuna vitu nitasema havitawafurahisha na yule dada wa mapokezi ametutendea vizuri sana, sitaki asumbuliwe na mdosi wake.

Kwanza mjue nilienda kufanya nini. Tuko walimu wanne, wawili Kisumu, mmoja Nakuru, mmoja Kakamega, na tunaandika noti za sayansi za JSS (sekondari ya chini), kila kitu kiko kwa dokumenti moja ya Google Docs. Kwangu nyumbani haiwezekani, kuna mtoto wa dada yangu na katuni zake, na jirani ni fundi wa kuchomelea mageti, ukianza tu kufikiria sentensi, chwaaaa.

Bei ni mia tano kwa siku ama elfu sita kwa mwezi, na chai iko ndani ya hiyo pesa (moja tu, ya pili unalipa). Waifai iko sawa kabisa. Viti vizuri, choo kisafi, wacha nipite haraka hapo.

Stima ndio story. Siku ya tatu ilipotea saa nane mchana, na inveta yao inabeba waifai na taa peke yake, soketi zote zimekufa, kwa hivyo una intaneti mzuri sana na laptopu iko asilimia 11. Dada wa mapokezi akaniambia, "Pole mwalimu, ungeniona mapema ningekukalisha pale kona, ile soketi moja inafanya." Soketi moja! Watu kumi na wawili! Tangu siku hiyo nafika saa mbili asubuhi kama mtu wa kupanga foleni ya kitambulisho, na nimebeba ekstensheni yangu.

Sasa kile chumba cha vioo. Huko ndiko wamemwaga pesa, skrini kubwa ukuta mzima, meza ndefu, na ukutani wamepaka rangi maneno ati hapa ndio kesho ya kazi. Elfu moja kwa saa. Tulichukua mara mbili, sisi wawili wa Kisumu ndani, wale wengine kwa Zoom. Vioo pande zote, sauti inagonga inarudi, mwenzetu wa Nakuru akasema tunaongea kama watu wameanguka kwa tangi la maji. Lakini shida kubwa haikuwa hata sauti, ilikuwa sisi. Watu wawili wakikaa chumba kimoja wanaanza kunong'onezana, wanacheka kitu, wanaamua kitu, na wale wa kwa skrini wanabaki kutazama kama wageni wa harusi hawajapewa soda. Mwenzetu wa Kakamega alikasirika kweli, na alikuwa na haki. Siku hizi kama mmoja yuko mbali basi sote tuko mbali, kila mtu na laptopu yake na hedifoni yake, hata kama tumekaa meza mbili tofauti hapo hapo (mkikaa karibu zimeni maiki zote muache moja, la sivyo sauti itajirudia). Na Zoom ya bure ya kikundi ni dakika 40, ambayo enyewe imetufunza adabu, hakuna mtu anasalimiana robo saa.

Kuna siku pia tulijaribu ile app ya kusikiliza mitingi na kuandika muhtasari yenyewe. Mitingi ilikuwa ya kutenganisha mchanganyiko, chujio hapa chujio pale. Muhtasari ukaja na mtu anaitwa Julio, na kwa orodha ya kazi Julio amepewa kutenganisha mchanga na maji kufikia Ijumaa. Nilicheka nikamwaga ile chai ya bure. Kwa Kiswahili chetu cha kuchanganya bado haijafika, andikeni kwa mkono.

Kazi yenyewe, ile ya ukweli, ilifanyika kwa meza ya mia tano, kila mtu kimya, tunaandika dokumenti moja saa moja bila kuongea. Unaona kile kimstari chenye jina la mwenzako kinatembea juu ya sentensi yako na unajua yuko Kakamega anakunywa chai. Watu wanadhani hii ni maneno ya juzi, lakini Douglas Engelbart, mhandisi Mmarekani wa kompyuta, alionyesha watu San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, yeye pale na mwenzake yuko Menlo Park, maandishi yale yale mbele yao wote wawili na uso wa mwenzake kwa skrini. Hiyo ni kama kilomita 50 hivi, Kisumu na Kakamega tu.

Lakini hicho kimstari pia kinaleta vita. Asubuhi moja nafungua, jedwali langu la njia za kutenganisha limeenda, lote. Nikajua ni yule wa Kakamega, juu usiku alikuwa amenibadilishia aya mbili bila kuuliza. Nikaandika kwa grupu ya WhatsApp maneno siwezi rudia hapa. Akajibu pole pole, "Mkuu, angalia historia." Nikafungua historia ya matoleo, inaonyesha kila mtu na rangi yake na saa yake, na aliyefuta ni mimi, saa kumi na mbili na dakika arobaini na saba jioni, kwa simu. Saa hiyo nilikuwa juu ya boda napita Kondele nikijifanya nasoma. Nilirudisha toleo la zamani kwa kubonyeza mara moja, kuomba msamaha ndio kulichukua siku mbili. Sasa sheria yetu ni moja, sehemu ya mwenzako unaweka mapendekezo, hugusi maneno yake, na mwenye sehemu ndiye anakubali ama anakataa.

Kama mwalimu hiyo historia imenipa akili nyingine. Kwa mtaala wetu kuna umilisi saba wa kimsingi (uwezo ambao kila mtoto anafaa kujenga), na mawasiliano na ushirikiano ni mmoja wao, lakini sote tunajua projekti ya kikundi inaandikwa na mtoto mmoja na mama yake. Hapo ofisini jioni wanakuja wanafunzi wa chuo, watano meza moja, mmoja anachapa, wanne wako TikTok. Ningekuwa ndio nasahihisha ningeanza na historia kabla ya kusoma hata mstari.

Nimelipa mwezi mwingine, wa meza. Mkienda, mchana shukeni chini kwa yule mama wa samaki mbuta, chakula cha ofisi huko juu ni baridi na ni ghali. Na ile soketi ya kona siku ya Jumanne iko na mwenyewe.