Masomo ya Kiyahudi ya Baada ya Shule Viungani mwa Philadelphia: Tathmini ya Mzazi

Sinagogi ninalolitathmini liko viungani mwa Philadelphia, katika jimbo la Pennsylvania, nalo ni la mkondo wa Mageuzi, ulio huru zaidi kuhusu sheria za kale kati ya mikondo mikuu ya dini ya Kiyahudi. Sitalitaja jina, kwa kuwa watoto wanaosoma humo si wangu peke yangu. Binti yetu alianza masomo yake ya jioni akiwa darasa la kwanza, na sasa anakaribia umri wa bat mitzva, yaani sherehe ya msichana kuingia utu uzima wa kidini, kwa hiyo nimeyaona madarasa ya wadogo na ya wakubwa. Ninawaandikia hasa wenzangu wa Afrika Mashariki waliooa au kuolewa katika familia za Kiyahudi huku Marekani, ambao hulazimika kumchagulia mtoto mahali pa kusomea dini ambayo wao wenyewe hawakulelewa ndani yake. Kwa maoni yangu mafunzo haya ni mazuri, na uzuri wake unatokana zaidi na rabi kuliko mtaala.

Jiji hili lina historia yake katika jambo hili. Ni hapa ambapo Rebecca Gratz alianzisha shule ya Jumapili ya watoto wa Kiyahudi mwaka 1838, walimu wake wakiwa wanawake. Mpango wa jioni za siku za kazi ulipata nguvu baadaye, hasa kuanzia mwaka 1910, Samson Benderly alipokabidhiwa ofisi ya elimu ya Kiyahudi ya New York, akitaka watoto wasome shule za umma pamoja na wenzao wote na bado wapate Kiebrania. Sinagogi letu limeiunganisha mipango yote miwili: Jumapili asubuhi, na jioni moja katikati ya wiki. Aliyekulia mwambao ataelewa upesi, maana ni kama chuo cha Kurani cha mtaani kwetu: mtoto hutoka shule, hula kitu kidogo, kisha huenda kuzisoma kwa sauti herufi za kitabu kitakatifu.

Herufi hizo ni 22, na tano kati yake hubadilika umbo zikiwa mwishoni mwa neno. Watoto huanza kusoma kwa msaada wa alama za irabu, lakini gombo la Torati halina alama hizo wala alama za uimbaji, hivyo atakayesimama mbele ya watu kuisoma lazima awe ameizoea sehemu yake barabara. Darasa la binti yetu ni dogo, na mwalimu husaidiwa na vijana waliokwisha kupita hatua hiyo wenyewe. Nililipima kwa kipimo cha Talmudi, mkusanyiko wa kale wa sheria na mijadala ya marabi, ambayo katika mlango wa Bava Batra inasema mwalimu mmoja atoshe watoto 25, na wakifika 40 apewe msaidizi. Darasa hili liko chini kabisa ya idadi hiyo, na tofauti inaonekana, kwa sababu kila mtoto husoma peke yake na kusahihishwa katika kila kipindi.

Rabi wetu ni mwanamke. Katika mkondo wa Mageuzi hilo si geni, kwani Sally Priesand alipewa daraja la urabi Cincinnati mwaka 1972. Jambo ninalolithamini kwake ni kwamba hawatenganishi watoto na maisha ya jumuiya. Mzee mmoja wa sinagogi alipofariki, rabi aliwaandaa wanafunzi wa darasa la juu kabla ya kwenda nao nyumbani kwa wafiwa katika siku saba za maombolezo. Aliwaeleza kwamba mgeni hangojei kukaribishwa mlangoni, kwamba hamwanzishii mfiwa mazungumzo bali humsubiri aseme mwenyewe, na kwamba chakula huletwa na majirani ili wafiwa wasihangaike na jiko. Walipofika walikaa kimya, kisha wakaitikia Kadishi, sala ya wafiwa, pamoja na watu wazima, maneno waliyokuwa wameyasoma darasani kwa miezi kadhaa bila kuona yanatumika wapi. Sijaona somo la kitabuni lililoweza kumfikisha mtoto hapo. Wakati wa Sukoti, sikukuu ya vibanda, pia ni watoto wanaokata matawi ya kuezekea kibanda, na rabi hulala chali chini yake kukagua kama nyota zitaonekana, maana hivyo ndivyo sheria inavyotaka.

Kwa familia mchanganyiko kama yetu, swali zito lilikuwa hadhi ya mtoto. Mimi si Myahudi. Mume wangu ndiye. Mwaka 1983 marabi wa Mageuzi wa Marekani waliamua kwamba mtoto mwenye mzazi mmoja Myahudi, awe baba au mama, huhesabiwa kuwa wa jumuiya iwapo analelewa na kushiriki humo waziwazi. Mikondo mingine ya Kiyahudi, ya Waorthodoksi na ya Wahafidhi, haiukubali uamuzi huo iwapo aliye Myahudi ni baba tu. Rabi alitueleza haya yote kabla hatujajaza fomu, pamoja na milango ambayo huenda ikafungwa mbele ya binti yetu atakapokuwa mkubwa. Aliniambia pia wazi kwamba baraka za Torati zitasomwa na Wayahudi, nami nitapewa nafasi ya kumbariki mwanangu kwa maneno yangu, na nikipenda yawe ya Kiswahili.

Binti yetu ni mweusi, na mwanzoni alikuwa peke yake. Rabi hakulifumbia macho. Darasa zima lilisoma habari za Wayahudi wa Ethiopia na za Abayudaya, Wayahudi wa Mbale, Uganda, ambao jumuiya yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, na ambao rabi wao, Gershom Sizomu, alipata daraja hilo Los Angeles mwaka 2008. Baada ya hapo watoto waliacha kumuuliza ametoka wapi.

Mlangoni kuna mlinzi, na mlango hufungwa muda wote. Tangu tarehe 27 Oktoba 2018, watu 11 walipouawa sinagogini huko Pittsburgh, katika jimbo hili hili, hakuna mzazi anayelalamikia ukaguzi.

Udhaifu mkubwa ni Kiebrania chenyewe. Saa ni chache mno, na mtoto anaweza kuusoma ukurasa mzima wa sala kwa ufasaha bila kujua maana ya mistari miwili. Jioni ya katikati ya wiki watoto huwa wamechoka, na walimu wengi ni wanafunzi wa vyuo vikuu wanaofanya kazi hii kwa saa chache, hivyo mwaka mmoja darasa la binti yetu lilibadilishiwa mwalimu katikati ya muhula na mambo yakarudi nyuma. Nililipeleka suala hilo kwa rabi, naye alilikubali bila kujitetea, akaanzisha kipindi kifupi cha maana ya sala kinachohudhuriwa na wazazi pamoja na watoto. Kimesaidia, ingawa hakitoshi. Anayetaka mtoto wake azungumze Kiebrania atafute shule ya kutwa ya Kiyahudi.

Ada hulipwa juu ya mchango wa uanachama, na kwa familia yenye watoto watatu ni mzigo mzito. Asiyeweza huzungumza na rabi faraghani, na anayepunguziwa hajulikani kwa wengine.

Kabla ya kusajili, ombeni kukaa darasani kipindi kimoja, tena cha jioni badala ya Jumapili, kwa sababu ni jioni ndipo uchovu wa watoto na uwezo wa mwalimu huonekana. Muulizeni rabi mwenyewe, si karani, kuhusu hadhi ya mtoto wenu na nafasi ya mzazi asiye Myahudi siku ya bat mitzva. Sisi tumeshamsajili mdogo wa binti yetu.