Dar, Dubai, Guangzhou: tiketi ipi ununue, na kwa nini ya miji mingi huwa ghali

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata nguo Guangzhou, huku akitaka siku tatu za kuangalia vipuri Dubai, ana safari ya vipande vitatu: Dar hadi Dubai, Dubai hadi Guangzhou, kisha Guangzhou hadi nyumbani. Akiingia mtandaoni na kuchagua sehemu ya safari ya miji mingi, bei inayotokea mara nyingi inamshtua. Akitafuta vipande vilevile kimoja kimoja, jumla inashuka. Wengi hapo huamini kwamba mtandao umekosea au wakala kajiongezea chake. Kwa kawaida hakuna kilichokosewa, ila mfumo umeulizwa swali ambalo jibu lake ni ghali. Anayeanzia Nairobi au Entebbe abadilishe mji wa kwanza tu, hesabu ni ileile.

Tiketi moja ni mkataba mmoja, hata ikiwa na ndege sita ndani yake. Kila nauli inayoingia humo ina masharti: ilipiwe siku ngapi kabla, ukae kwa muda gani, irudishwe fedha au isirudishwe, na iunganishwe na nauli zipi. Nauli za chini kabisa ndizo zenye masharti makali zaidi. Nyingi hukubali kuungana na nauli za shirika lilelile tu, au hupatikana kama nusu ya safari ya kwenda na kurudi. Mfumo ukikuta nauli ya chini ya kipande cha kwanza haipatani na ya kipande cha pili, unaiacha na kupanda ngazi hadi upate inayokubali. Tazama ratiba yako ya tiketi: pembeni ya namba ya ndege pana herufi moja. Herufi hiyo ndiyo ngazi ya nauli. Kiti, chakula na dirisha havitofautiani, lakini abiria aliyekaa jirani yako anaweza kuwa na herufi nyingine na amelipa nusu ya ulicholipa wewe.

Kuna sababu nyingine ambayo hata mawakala wengi hawaielezi. Kipande kinachokurudisha kwenye nchi ulikoanzia huhesabiwa kana kwamba kinatoka nyumbani kwenda kule. Ndani ya tiketi iliyoanzia Dar, safari ya Guangzhou hadi Dar hutozwa kwa nauli ya Dar hadi Guangzhou. Ukiinunua peke yake, inahesabiwa kwa soko la China na kwa yuani, na huko ushindani wa mashirika ni tofauti kabisa na wa kwetu. Ongeza kwamba mashirika ya bei nafuu mengi hayana makubaliano na mengine ya kuuziana tiketi. Ukitafuta kwa miji mingi hayajitokezi hata kwenye orodha, kwa hiyo unalinganisha ghali na ghali.

Sasa nipange njia za kununua, kuanzia ninayoiona bora.

Ya kwanza ni tiketi ya kawaida ya kwenda na kurudi Dar hadi Guangzhou, kwa shirika ambalo nyumbani kwake ni Dubai, ukiomba kusimama Dubai kwa siku unazotaka. Kwa safari za kimataifa, kukaa mahali zaidi ya saa 24 huitwa kusimama, na chini ya hapo ni transiti. Nauli nyingi za kwenda na kurudi huruhusu kusimama mara moja, ama bure ama kwa ada, kwa sababu ndege ingekupitisha hapo hata hivyo. Unalipa nauli moja ya Guangzhou, na Dubai inaingia ndani yake. Emirates inafika Dar na Guangzhou, na inauziana tiketi na flydubai, kwa hiyo vipande vyote vinaweza kukaa chini ya namba moja ya buking.

Ukichagua shirika ambalo Dubai haiko njiani kwake, hesabu inageuka. Chukua Ethiopian. Ndege zake zinaunganishwa Addis Ababa. Ukitaka nayo Dar, Dubai, Guangzhou, itakupeleka Addis kisha Dubai, halafu ikurudishe Addis, ndipo uelekee China. Nauli za kimataifa za mtindo wa zamani zina kikomo cha maili kwa kila safari. Ukizidisha, nauli huongezwa kwa asilimia 5, 10, 15, 20 au 25, na ukivuka 25 lazima ikatwe vipande na kila kipande kitozwe chake. Mzunguko wa kurudi Addis unakatwa vipande papo hapo. Shirika halikukuonea, umeliomba njia isiyo yake.

Unaweza kuthibitisha umetozwa vipi bila kumuuliza mtu. Kwenye waraka wa tiketi ya elektroniki kuna mstari wa hesabu ya nauli, wenye herufi tatu tatu za miji na herufi mbili za shirika: DAR EK DXB EK CAN, na kuendelea. DXB ni Dubai, CAN ni Guangzhou, na EK ni Emirates. Kiasi cha fedha huandikwa mwishoni mwa kila nauli. Kikionekana baada ya CAN tu kwa safari ya kwenda, umetozwa nauli moja na Dubai imo ndani. Kikionekana pia baada ya DXB, umetozwa nauli mbili. Alama ya X/ mbele ya mji maana yake hapo ni kupita tu, hukusimama. Ukiona 15M, umeongezewa asilimia 15 kwa maili. Mwombe wakala akuoneshe mstari huu kabla ya kulipa. Mwambie hivi: “Nipigie hesabu ya kwenda na kurudi Guangzhou, kisha weka kusimama Dubai wakati wa kwenda.” Usimwambie “nipigie hesabu ya miji mitatu,” maana atafanya ulichomwambia.

Ya pili ni tiketi ya mdomo wazi: unaingia mji mmoja na kurudi kutoka mwingine. Tiketi moja ina Dar hadi Dubai na Guangzhou hadi Dar, na kipande cha katikati unakinunua peke yake. Mfumo unachukua nusu ya nauli ya kwenda na kurudi Dubai na nusu ya ile ya Guangzhou, kwa hiyo haupandi ngazi. Hapa hata Ethiopian inafaa sana, maana hakuna kurudi nyuma: Addis inapitwa mara moja kwenda na mara moja kurudi. Kipande cha Dubai hadi Guangzhou kina mashirika kadhaa, China Southern ikiwemo, na unachagua siku na saa inayokufaa. Kwenye mtandao, njia hii hujazwa kwenye ukurasa uleule wa miji mingi, ila unaweka mistari miwili tu badala ya mitatu. Mara nyingi mstari huo mmoja unaoutoa ndio uliokuwa unapandisha bei yote.

Ya tatu ni tiketi mbili za kwenda na kurudi, moja ndani ya nyingine: Dar hadi Dubai na kurudi, kisha Dubai hadi Guangzhou na kurudi. Inamfaa ambaye kazi yake kubwa iko Dubai na China ni ya kuchungulia. Mtego wake ni viza. Viza ya Imarati ya kuingia mara moja inakwisha pale unapotoka kwenda China. Ukirudi Dubai na mabegi yako yanaishia hapo, utalazimika kuingia nchini kuyachukua, na kwa hilo unahitaji viza nyingine. Watu wamelipia viza ya haraka wakiwa Guangzhou, na faida yote ya tiketi ya bei nafuu ikaishia humo. Omba ya kuingia zaidi ya mara moja tangu mwanzo, au rudi kwenye njia ya pili.

Ya nne ni tiketi za kwenda tu, zote tatu mbalimbali. Ndiyo inayoonekana rahisi zaidi kwenye simu, na ndiyo iliyokufanya uanze kulinganisha. Inafaa kama hujui utarudi lini. Lakini mashirika makubwa hutoza kwenda tu zaidi ya nusu ya kwenda na kurudi, wakati ya bei nafuu hutoza karibu na nusu. Angalia ni lipi unalolinganisha. Begi la kupakia halimo katika nauli ya chini ya mashirika mengi ya bei nafuu, na kwa mtu anayerudi na sampuli za mzigo, begi hilo si jambo dogo. Dawati la kuchekini nalo linaweza kukuuliza tiketi ya kurudi. Uwe nayo mkononi.

Ya mwisho ni ile iliyokuleta hapa: mistari mitatu, mashirika tofauti, tiketi moja. Ninaiweka chini kwa wasafiri wengi, ingawa ina kazi yake. Kama unabadilisha ndege kwa saa mbili tatu bila kulala, tiketi moja inakulinda: ndege ya kwanza ikichelewa, mashirika ndiyo ya kukutafutia nyingine, na begi linakwenda moja kwa moja. Kwa tiketi mbili, ndege ya pili ikiondoka bila wewe, hasara ni yako. Kwa hiyo tenganisha tiketi mahali unapolala, usitenganishe mahali unapobadilisha ndege. Dubai penyewe kuna la kuangalia zaidi: Air Arabia iko uwanja wa Sharjah, na ndege nyingi za flydubai ziko Terminali 2, ng'ambo ya njia za kurukia kutoka Terminali 3 ya Emirates.

Tena tiketi moja ina sharti ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Usipotokea kwenye ndege ya kwanza, zote zinazofuata hufutwa. Na ukibadilisha tarehe ya kipande kimoja, nauli yote inaweza kuhesabiwa upya.

Maonyesho ya biashara ya Canton, yanayofanyika Guangzhou tangu 1957, huanza katikati ya Aprili na katikati ya Oktoba. Wiki hizo herufi za nauli za chini za kwenda Guangzhou ndizo zinazokwisha mapema. Angalia bei ya kipande cha Dubai hadi Guangzhou kwanza, kabla ya hiki cha kutoka Dar, kisha upange tarehe zako zote kufuata siku ambayo bado ina nafasi ya bei ya chini. Malipo yangoje viza ya China itoke. Mpaka hapo mwombe wakala akushikie buking bila kulipa, kwa muda ambao shirika linaruhusu.