TAHADHARI: Kidude cha kupima injini kwa simu kinachoonyesha namba za uongo, mimi kimeniulia masega (kisafisha moshi cha ekzosi)

Wakuu habari zenu, hii itakuwa ndefu kidogo ila naomba msome, hasa nyie mlionunua au mnaotaka kununua vile vidude vya kuchomeka chini ya usukani halafu unasoma injini kwa simu. Kuna muuzaji wa mtandaoni anauza vitu ambavyo havipimi kitu chochote, na sisemi ni feki kwa maana ya bei rahisi, nasema havipimi kabisa, vinakuonyesha namba za kutunga huku gari inakufa.

Ilikuwa hivi. Taa ya injini iliwaka kwenye dashibodi, gari ikisimama inaunguruma inatetemeka mpaka usukani unausikia mkononi, ikipanda mlima haina nguvu. Nikasema kabla sijaenda kwa fundi nijue mwenyewe tatizo liko wapi, maana ukienda hujui lolote unaweza kubadilishiwa vitu vizima. Nikakutana na tangazo lake: ELM327 (jina la chipu ya vidude hivi) orijino v2.1, inasoma magari yote, injini, giaboksi, breki za ABS, airbag, kila kitu. Nikamwandikia, anajibu haraka, ana lugha nzuri, "usiwe na wasi bosi wangu". Nikamwomba video ya kuthibitisha, akanitumia simu ikionyesha volti 14.1 injini ikiwa inaunguruma. Nikaamini nikalipa. Hiyo video mkumbuke, ntairudia.

Mzigo ukafika, nikachomeka, kataa kekundu kakawaka, simu ikakipata kwenye Bluetooth, nikaweka 1234 ikakubali. Sasa apu hakutaka niichukue kwenye duka rasmi la simu, alinitumia faili kwa linki, eti ile ya dukani ni ya kujaribia tu na hii yake ndio kamili. Wakati naiweka ikaomba ruhusa ya kusoma meseji na majina yote kwenye simu, nami nikakubali. Jamani msikubali. Apu ya kusoma injini inahitaji Bluetooth, na kwenye Android za zamani kidogo inaomba pia mahali ulipo kwa sababu ndivyo simu zile zinavyotafuta vifaa vya karibu, lakini meseji zako haina kazi nazo hata kidogo, na anayesoma meseji zako anasoma pia zile namba za siri za mara moja ambazo benki inakutumia. Mimi nilikuja kuifuta nikabadilisha nywila zote lakini kwa siku zote zile ilikuwa wazi.

Basi apu ikafunguka, mishale inacheza, RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) 850, joto la maji 88, na chini kwa rangi ya kijani HAKUNA HITILAFU. Na taa ya injini pale mbele yangu inawaka. Nikamuuliza inakuwaje, akasema hiyo ni sensa tu imechoka, bonyeza FUTA taa itazima. Nikabonyeza, haikuzima. Akasema basi inabidi ulipie toleo la juu nikufungulie kufuta, nikalipa tena, bado. Akasema endesha gari itajisoma yenyewe. Nikaendesha kama wiki mbili hivi, na ndani ya hizo wiki mbili taa ikaanza kupepesa, inawaka inazima inawaka inazima ukikanyaga mafuta, nami nikifungua apu naona kijani natulia.

Hapa kuna kitu lazima kila mwenye gari akijue. Taa ya injini ikiwaka tuli una muda wa kujipanga ukapime, lakini ikipepesa maana yake injini inamisi, yaani kuna silinda haiunguzi mafuta inavyotakiwa, kwa kiwango cha kuharibu masega, unapunguza mwendo, unaegesha, huendelei na safari kama mimi nilivyoendelea.

Nilivyogundua ni bahati. Nilikuwa nimeegesha, nimezima gari, ufunguo nimeshautoa uko mfukoni, nikachukua simu nikakuta apu bado iko wazi na mshale wa RPM unacheza 850, 840, 860. Injini imezimwa! Nikadhani simu imeganda. Nikachomoa kidude kabisa nikakiweka kwenye kiti, nikaiangalia tena simu, mshale unacheza, joto la maji 88. Ilikuwa inacheza picha. Apu nyingi za kweli zina sehemu ya maonyesho, yaani inakuchezea namba za mfano ili uone itakavyokuwa kabla hujanunua adapta, na hakuna ubaya kwa sababu inakuambia wazi kwamba haya ni maonyesho. Huyu bwana yake ni maonyesho matupu kutoka mwanzo, bila kukuambia.

Kesho yake nikaenda kwa fundi. Alichomeka mashine yake, hata dakika tano hazikuisha, zikatoka kodi mbili za hitilafu, yaani namba za kutambulisha tatizo, P0302 na P0420. Ya kwanza inasema silinda ya pili inamisi, ya pili inasema masega hayasafishi moshi kama inavyotakiwa. Akahamisha koili (inayotoa umeme wa plagi) ya silinda ya pili akaiweka ya tatu, na kumisi nako kukahamia ya tatu, ikasoma P0303, basi koili imekufa, hakuna ubishi. Ningeipeleka siku ya kwanza ningebadilisha koili moja nikaenda zangu nyumbani. Lakini kwa zile wiki mbili petroli ambayo haikuungua ilikuwa inapita inaenda kuungulia ndani ya ekzosi, na joto lake likayamaliza masega. Tulipoyafungua, vile vitundu vidogo vidogo vya sega katikati vilikuwa vimeyeyuka vikashikana, kama nta iliyomwagikiwa na maji ya moto, mwanga haupiti. Bei ya masega na bei ya koili mnazijua wenyewe.

Jioni nikakifungua kile kidude. Soketi ya gari ina nafasi 16, na hiki cha kwangu kina pini tatu tu, namba 4, 5 na 16. Hizo mbili za kwanza ni hasi na ya 16 ni chanya ya betri moja kwa moja. Namba 6 na 14 ambako magari ya sasa yanapitishia mazungumzo ya kontroli boksi (kompyuta za gari) hazipo, namba 7 ya magari ya nyuma kidogo haipo, hakuna hata waya. Ndani kuna kachipu ka Bluetooth, kataa, basi. Hakina mahali pa kuisikia injini hata kingetaka.

Na sasa mnaielewa ile video. Volti zinasomwa kwenye hiyohiyo pini ya betri, gari ikizimwa zinakaa kwenye 12 na kitu, ikiwaka zinapanda kwenye 14 kwa sababu alteneta inachaji. Kwa hiyo zile volti ni za kweli na ndio maana zinashawishi, lakini hazihusiani kabisa na kusoma injini. Ukitumiwa video ya volti peke yake ujue hujaonyeshwa kitu.

Kuhusu neno "orijino v2.1" nalo msikilize. Chipu ya ELM327 ilitengenezwa na kampuni ya Kanada inaitwa ELM Electronics, toleo lao la kwanza halikuwekewa kinga ya kunakiliwa, watu wakalinakili na soko likajaa nakala mpaka leo. Kampuni yenyewe ilifunga 2022. Lile v1.5 linaloandikwa kwenye mamia ya matangazo wao hawakuwahi kulitoa. Namba iliyobandikwa kwenye boksi haithibitishi kitu. Sisemi kila nakala ni mbaya, hapana, zipo za bei ndogo zinasoma kodi za injini vizuri tu na fundi wangu mwenyewe anayo moja ya akiba, na nakala ya kawaida ikishindwa inakuambia imeshindwa kuunganisha. Hii inakuambia gari ni nzima.

"Inasoma magari yote" nao ni uongo hata kwa adapta nzuri. Mfumo huu wa kusoma injini kupitia soketi ya pini 16, unaoitwa OBD2, ulikuwa lazima Marekani kuanzia magari ya 1996, Ulaya ya petroli kuanzia 2001 na dizeli 2004, na kuna magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani tu yana soketi ileile ya pini 16 lakini lugha yake ni ya kiwanda chenyewe. Na sheria ilihusu mambo ya moshi wa injini, sio ABS wala airbag, hizo mara nyingi zinataka apu na adapta maalumu za gari husika. Wenye iPhone nanyi angalieni, Bluetooth ya kawaida ya hivi vidude haishiki kwenu, mnahitaji ya Wi-Fi au Bluetooth LE, na huyu anawauzia hiyohiyo moja.

Ukishanunua, kabla hujakiamini: geuza uhesabu pini, kama 6 na 14 hazipo na gari yako ni ya 2008 kuja huku kirudishe bila kukichomeka. Chukua apu kwenye duka rasmi la simu, Torque au Car Scanner. Washa swichi bila kustati, RPM lazima isome 0. Asubuhi gari ikiwa imelala, joto la maji lifanane na hali ya hewa ya nje, ukistati uone linapanda polepole mpaka karibu na 90, likiwa 88 tangu sekunde ya kwanza hiyo ni picha. Halafu chomoa kidude huku unaangalia simu. Namba zikiendelea kucheza umeibiwa.

Nilipomrudia muuzaji na picha za ndani ya kidude aliuliza swali moja tu, "umekifungua wewe?" akasema basi waranti imekufa, akaniblok. Juzi nimemwona amerudi kwa jina jingine, picha zilezile, video ileile ya volti 14.1, ila sasa imeandikwa v2.3. Kama umenunua kwake na gari yako taa inawaka huku apu inaonyesha kijani, usisubiri, ipeleke ikapimwe leo. Changu ninacho bado, anayetaka picha za ndani alinganishe na chake aniandikie namtumia.