Mafuta ya nazi ya tui, Tanga mjini: mazuri kikaangoni, yasiwe peke yake

Uliza kwanza: ya tui au ya mbata? Ya tui hutokana na nazi iliyokunwa, tui likachemshwa mpaka mafuta yajitenge. Ya mbata, kama nazi ilikaushwa kwa moshi au ilishika ukungu, hubeba harufu hiyo hadi mezani. Nunua ya tui.

Kasoro kubwa ni maji. Tui likiepuliwa mapema, maji hubaki, huvunja mafuta na kuachia asidi ya loriki, asidi kuu ya mafuta ya nazi. Ndiyo ile ladha ya sabuni. Tia kijiko kwenye sufuria kavu, moto mdogo: yakipasukapasuka yana maji. Yachemshe taratibu mpaka yanyamaze. Kuganda asubuhi ya Julai si kasoro, huganda chini ya nyuzi 24 au 25.

Kukaangia samaki yanafaa sana. Karibu asilimia 90 ni mafuta yaliyoshiba, yaani yaliyojaa hidrojeni, hivyo hayaharibiki upesi kwa joto.

Tatizo liko kwenye ini. Utando wa seli za ini hujengwa kwa mafuta tunayokula. Mafuta ni minyororo ya kaboni: iliyoshiba imenyooka, hubanana. Ile isiyoshiba imepinda, huulegeza utando. Vimeng'enya vya saitokromu P450, vinavyoshughulikia dawa na sumu, vimepachikwa humo humo. Seli hujirekebisha kwa vimeng'enya vinavyopindisha minyororo, lakini asidi ya linoleiki, mmoja wa minyororo iliyopinda, haiwezi kuitengeneza, lazima iliwe. Panya waliolishwa mafuta ya nazi yaliyogandishwa kiwandani kwa hidrojeni, bila mafuta mengine, walipungukiwa nayo, na asidi ya Mead, ambayo mwili huitengeneza linoleiki ikikosekana, ikajaa kwenye ini badala yake. Binadamu hali hivyo, ila onyo linabaki.

Mtu mzima anahitaji takriban gramu 5 za linoleiki kwa siku. Kijiko cha chakula cha mafuta ya nazi kina robo gramu tu. Cha alizeti ya kawaida, gramu 8 hivi. Na Tanga tui limeshaingia kwenye wali, mchicha na samaki wa kupaka! Ni mafuta yale yale.

Kupikia: 4 kati ya 5. Yakiwa mafuta pekee ya nyumba: 2. Chukua nusu lita, weka na chupa ya alizeti kwa kachumbari na mboga za moto mdogo. Alizeti usiirudierudie kukaangia: ile minyororo iliyopinda ndiyo huoza upesi kwa joto na hewa.