Hifadhi ya Kununua Ili Kompyuta Iwake Haraka: Ipi Itangulie na Ipi Iachwe

Kompyuta inapochukua dakika mbili au tatu kuwaka, wengi hudhani kwamba imezeeka na kwamba dawa yake ni kununua nyingine. Mara nyingi sivyo. Prosesa ya miaka kumi iliyopita bado inaweza kuanzisha mfumo endeshi kwa muda mfupi, mradi isiachwe ikisubiri data kutoka kwenye hifadhi, na katika kompyuta nyingi zinazolalamikiwa kinachosubiriwa ni diski kuu inayozunguka. Mwongozo huu unapanga aina za hifadhi kwa kigezo kimoja, yaani msaada wake wakati wa kuwasha kompyuta, na kigezo hicho ni tofauti kabisa na ile namba kubwa inayochapishwa kwenye kasha.

Kuwasha kompyuta ni kazi ya kusoma vipande vidogo vya data, maelfu kwa maelfu, vilivyotawanyika huku na kule: draiva, maktaba za programu, mipangilio, fonti, na huduma zinazojiendesha zenyewe. Diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika hutumia milisekunde 11 kumaliza mzunguko mmoja, kwa hiyo kwa wastani husubiri nusu ya muda huo kabla data inayotakiwa haijapita chini ya kichwa cha kusomea. Hata kabla ya hapo, kichwa chenyewe hulazimika kuhamia kwenye njia sahihi ya sahani, na safari hiyo hula takribani milisekunde 10 nyingine. Ukijumlisha, utaona kwamba diski ya namna hiyo haiwezi kufika sehemu 70 tofauti ndani ya sekunde moja. SSD, yaani hifadhi ya chipu za flashi, haina kinachozunguka wala kinachohama, na jibu lake huja kwa takribani sehemu ya kumi ya milisekunde. Tuseme kwa mfano kwamba kuwasha kunahitaji kusoma sehemu 10,000 zilizotawanyika: kwa diski, kazi hiyo peke yake ingezidi dakika mbili; kwa SSD, ingekuwa sekunde moja.

Waundaji wa mifumo endeshi walilijua tatizo hili mapema, wakatafuta njia za kusoma kwa akili zaidi. Tangu Windows XP ya mwaka 2001, Windows huweka kumbukumbu ya mafaili yanayosomwa wakati wa kuwaka, ili mara inayofuata iyasome mapema na kwa mpangilio mzuri. Windows 8 ya mwaka 2012 ikaongeza mbinu nyingine: unapozima kompyuta, kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye faili moja, kisha hurudishwa chote kwa mkupuo unapowasha. Mbinu hizi zimesaidia sana, lakini hakuna hata moja iliyoweza kukiondolea kichwa cha diski kazi ya kusubiri sahani izunguke.

Pima kabla ya kununua. Kwenye Windows, fungua Task Manager, uende kwenye ukurasa wa programu zinazoanza pamoja na mfumo, nawe utaona juu yake muda ulioandikwa Last BIOS time. Huo ndio muda ambao ubao mama ulitumia kujikagua kabla mfumo endeshi haujaguswa. Kwenye Linux nyingi, amri ya systemd-analyze itakugawia muda huo sehemu kwa sehemu. Ikiwa sekunde 25 kati ya 40 zinaishia kwenye ubao mama, hakuna hifadhi yoyote duniani itakayokurudishia sekunde hizo, na ni afadhali uanze na mipangilio ya BIOS (programu ya ubao mama inayotangulia mfumo endeshi) pamoja na vifaa vilivyochomekwa kwenye USB. Unapopima kwa saa, tumia chaguo la kuwasha upya (Restart) badala ya kuzima na kuwasha, kwa sababu kuzima kwa kawaida hutumia ile mbinu ya Windows 8, nawe utakuwa umepima kitu kingine.

Nafasi ya kwanza ninaipa SSD ya NVMe ya kiwango cha kati, yaani inayotumia PCIe 3.0 au 4.0 (njia ya data ya kizazi cha tatu au cha nne) na seli za TLC (zinazobeba biti tatu kila moja), kwa kompyuta yoyote yenye nafasi ya M.2 (tundu dogo la kuchomekea hifadhi kwenye ubao mama) inayoikubali. SSD za PCIe 3.0 husoma mafaili makubwa kwa takribani megabaiti 3,500 kwa sekunde na za PCIe 4.0 kwa takribani 7,000, lakini hizo sizo sababu zangu. Itifaki (kanuni za mawasiliano) ya NVMe, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2011, iliundwa kwa ajili ya chipu tangu mwanzo, ilhali AHCI, itifaki inayotumiwa na SATA (kiunganishi cha zamani cha diski), iliundwa zama za sahani zinazozunguka. AHCI ina foleni moja ya amri 32. NVMe inaruhusu foleni zaidi ya 65,000, na prosesa huifikia kwa njia fupi zaidi. Ni kweli kwamba kuwasha kompyuta hakujazi hata sehemu ndogo ya foleni hizo. Faida unayoipata ni ile njia fupi, pamoja na kuondokana na kebo mbili. Katika kundi hili, SSD isiyo na DRAM (kumbukumbu ya muda ya haraka) yake yenyewe si jambo la kuogopa sana, kwa kuwa NVMe inaweza kuazima sehemu ndogo ya RAM ya kompyuta ili kuhifadhi ramani inayoonyesha data iko kwenye seli zipi.

Kabla hujalipia, fungua mwongozo wa ubao mama au wa laptopu na uusome kwa makini. Nafasi ya M.2 ni umbo tu. Nyingine hupokea NVMe, nyingine SATA peke yake, nyingine zote mbili. Namba 2280 maana yake ni upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, na laptopu ndogo huweza kuhitaji 2242 au 2230. Jambo la pili ni kwamba ubao wa zamani unaweza kuiona SSD ya NVMe iliyochomekwa kupitia kadi ya PCIe na kuitumia kuhifadhi data, lakini ukashindwa kuanzisha mfumo kutoka kwenye SSD hiyo kwa sababu BIOS yake haiitambui. Mtu aliyenunua kwa ajili ya kuharakisha uwashaji atakuwa amelipia kisichomsaidia.

Nafasi ya pili ni SSD ya SATA ya inchi 2.5 yenye DRAM, na kwa mwenye kompyuta isiyo na nafasi ya M.2 hii ndiyo ya kwanza bila mjadala. Ningependa msomaji aichukue kwa uzito, kwa sababu namba zake zinaonekana duni: kikomo chake ni takribani megabaiti 550 kwa sekunde, na kwenye kompyuta ya SATA ya kizazi cha pili kikomo hicho hushuka hadi karibu nusu. Hata hivyo, kutoka kwenye diski kuu kwenda SSD ya SATA unapunguza muda wa kusubiri kila kipande zaidi ya mara mia, wakati kutoka SATA kwenda NVMe unapunguza kiasi kidogo tu cha kile kilichobaki.

Nililithibitisha hili kwenye laptopu ya dada yangu, ambaye alikuwa akiiwasha, anakwenda jikoni, anarudi, na bado kielekezi kinazunguka. Ukiweka sikio karibu na sehemu ya kuwekea mkono, ulisikia diski ikikwaruza bila kupumzika. Tulifungua mfuniko wa chini kwa bisibisi ndogo, tukachomoa diski ya unene wa milimita 9.5, na SSD ya milimita 7 ikaingia huku ikilegea. Fremu nyembamba ya plastiki iliyokuja ndani ya kasha ndiyo iliyoziba ule mwanya, na bila fremu hiyo viunganishi vingekuwa vikicheza kila laptopu inapobebwa. RAM hatukuigusa, prosesa ni ile ile. Laptopu iliyokuwa ikichukua zaidi ya dakika tatu hadi iweze kufanya kazi sasa humkuta dada bado amekaa kitini. Kwa hiyo, unapochagua SSD ya SATA, hakikisha kasha lina fremu hiyo, au ununue kando.

Katika SATA, suala la DRAM nalichukulia kwa uzito kuliko katika NVMe. SATA haina utaratibu wa kuazima RAM ya kompyuta, hivyo SSD isiyo na DRAM hulazimika kusoma sehemu ya ramani yake kutoka kwenye seli zenyewe kabla ya kuisoma data. Ikiwa mpya na tupu hutaona tofauti. Ikishajaa, na masasisho ya mfumo yakiwa yanaandikwa wakati huo huo unapowasha, utaiona.

Hilo linatuleta kwenye nafasi ya tatu: SSD za bei ya chini kabisa, yaani za SATA zisizo na DRAM, au zenye seli za QLC. Seli ya QLC hubeba biti nne pale TLC inapobeba tatu, kwa hiyo huwa rahisi kutengenezwa kwa ujazo mkubwa, lakini uandishi wake hupungua kasi sana sehemu yake ya haraka inapojaa, na uhai wake wa kuandikwa ni mfupi zaidi. Kwa kuwasha tu, ambako kazi kubwa ni kusoma, bado inaiacha diski kuu mbali mno. Mwenye bajeti ndogo asione haya kuichukua. Ajiwekee tu kanuni ya kuacha walau sehemu ya tano ya ujazo ikiwa wazi. Ningeshauri gigabaiti 500 kuliko 120 au 128 kila inapowezekana, kwa kuwa SSD ndogo huwa na chipu chache za kusomwa kwa pamoja na hujaa haraka. Jihadhari pia na SSD za nje zinazotangaza terabaiti nyingi kwa bei isiyoingia akilini. Nyingi ni flashi ndogo zilizodanganywa zitangaze ujazo usiokuwepo, na programu kama H2testw au F3 huzifichua kwa kuandika data hadi mwisho na kuisoma tena.

Nafasi ya nne ni SSD za PCIe 5.0. Ni vifaa bora, vinavyozidi megabaiti 10,000 kwa sekunde, na anayehariri video nzito ana sababu ya kuvitaka. Kwa kuwasha kompyuta, malipo ya ziada hayarudi: vipande vinavyosomwa ni vidogo, huombwa vichache kwa wakati, na muda uliobaki ni wa prosesa na vifaa vingine kujiandaa. Nyingi zinahitaji pia kipoza joto kikubwa ambacho laptopu haina pa kukiweka.

Ya tano ni mbinu za kuunganisha diski kuu na chipu kidogo cha flashi. Nazitaja kwa heshima, kwa sababu zilikuwa jibu la busara kwa wakati wake. Seagate ilitoa Momentus XT mwaka 2010, diski yenye gigabaiti 4 za flashi iliyojifunza data inayosomwa mara kwa mara, hivyo baada ya kuwasha mara chache mambo yakawa mepesi. Mwaka 2017 Intel ilileta moduli za Optane za gigabaiti 16 na 32 kwa kazi kama hiyo, na mwaka 2022 ikatangaza kuiacha biashara ya Optane. Leo flashi ya kutosha mfumo mzima inapatikana kwa urahisi, na akiba inayokisia unachotaka haiwezi kuishinda hifadhi ambayo kila kitu chake ni cha haraka. Ukiwa nayo tayari, itumie. Kuinunua sasa sishauri.

Mwisho kabisa ni diski kuu mpya ya mizunguko 7,200. Nusu mzunguko wake huchukua milisekunde 4.2 badala ya 5.6, na kichwa bado kinahama vile vile. Diski kuu inafaa kuhifadhi picha na video, si mfumo endeshi. Flashi ya ReadyBoost (flashi ya USB inayotumiwa kama akiba ya kuisaidia diski), iliyoletwa na Windows Vista, haina nafasi katika orodha hii.

RAM nimeiacha nje ya orodha kwa makusudi. RAM hupoteza kila kitu umeme unapokatika, kwa hiyo kila unapowasha kompyuta ni hifadhi inayosomwa, hata uwe na gigabaiti 64. Hata hivyo, mwenye gigabaiti 4 ataona mfumo ukianza kuhamishia data kwenye hifadhi mara tu baada ya kuingia, na kwake kuongeza hadi 8 au 16 kutaleta nafuu ya kweli. Na kama unanunua laptopu mpya ya bei nafuu, uliza kama hifadhi yake ni eMMC (aina nyingine ya flashi). Hiyo huchomelewa kwenye ubao mama, na ukishaichukua, mara nyingi hakuna cha kuchomoa.

SSD ikishafika, nakili mfumo wako mapema, hasa diski ya zamani ikiwa imeanza kuonyesha sekta mbovu katika ripoti ya SMART (diski inavyojikagua yenyewe). Hakikisha BIOS inaiendesha SATA kwa AHCI na si IDE (hali ya zamani zaidi), ila usibadilishe mpangilio huo kwenye Windows iliyokwisha kusakinishwa bila kuiandaa kwanza, la sivyo inaweza kukataa kuwaka. Kisha fungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi, uandike fsutil behavior query DisableDeleteNotify. Jibu likiwa 0, TRIM inafanya kazi, na SSD itaarifiwa kila unapofuta faili.