Uzoefu wangu: wiki ya Sauti za Busara, Mji Mkongwe Zanzibar

Hukumu yangu kwanza, sababu zifuate. Kwa anayependa muziki unaopigwa kwa mikono na pumzi, tamasha la Sauti za Busara linastahili nauli na kiingilio. Lakini nusu ya thamani yake iko kati ya saa kumi na moja jioni na saa tatu usiku, na huo ndio muda ambao wageni wengi bado wako hotelini wanajipamba. Wanaingia saa nne kumfuata msanii mwenye jina kubwa, wanakuta uwanja umejaa, wanasikia besi tu, kisha wanaondoka wakisema tamasha ni la kawaida.

Tamasha lilianza 2004 na hufanyika Februari. Kwa miaka mingi makao yake yamekuwa Ngome Kongwe, mbele ya bustani ya Forodhani. Majukwaa huhamishwa kulingana na mwaka, kwa hiyo soma ratiba ya mwaka unaokwenda kabla ya kulipia chumba. Tarehe nazo husogea. Ramadhani hurudi nyuma takriban siku kumi na moja kila mwaka, na miaka hii inaangukia Februari. Ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 mwezi huo. Usikate tiketi ya ndege kwa kukariri kwamba ni "wikiendi ya pili ya Februari". Kumbuka pia kwamba 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha. Kiingilio peke yake hakibebi gharama za shughuli kubwa namna hii, na wafadhili wakisita, siku hupungua. Subiri tangazo rasmi, halafu lipa.

Sharti la tamasha ni kwamba kila kinachosikika jukwaani kipigwe mubashara. Ule mtindo wa matamasha yetu mengi, msanii kashika maikrofoni huku sauti yake ya studio ikimtangulia, hapa haupo. Faida yake inajulikana. Gharama yake ni muda wa kubadilisha vyombo. Kundi la taarabu asilia lenye fidla kadhaa, kanuni, udi, akodiani, besi kubwa la kusimama, dumbaki na waitikiaji linaweza kuhitaji maikrofoni zaidi ya kumi na tano, na kila moja inawekwa na kusikilizwa peke yake. Kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini, tatu kwa kila sauti, na unyevu wa Februari huzivuruga hata baada ya kulinganishwa. Ukiona dakika ishirini zimepita na mpigaji bado kainama na ufunguo wake, hakuna aliyelala kazini. Majukwaa mawili ya ndani ya Ngome kwa kawaida hupishana, moja likipiga lingine linafungwa vyombo. Hama kabla ya umati, dakika tano kabla ya wimbo wa mwisho, utapata nafasi nzuri upande wa pili.

Sasa suala la mahali pa kusimama, ambalo wengi hawalifikirii kabisa. Ngome ina kuta ndefu za mawe na uwanja ulio wazi juu. Sauti nyembamba hupaa na kupotea, ila besi hugonga ukuta na kurudi imechelewa. Ukijibanza ukutani kwa sababu kuna pa kuegemea, utasikia muungurumo na maneno hutayashika. Ukisimama mbele kabisa, uko mdomoni mwa spika za besi na sauti ya mwimbaji inakupita juu ya kichwa. Mahali sahihi ni karibu na meza ya fundi mitambo, hatua mbili tatu mbele yake au nyuma yake, katikati ya spika za kushoto na za kulia. Yule fundi anachanganya sauti kwa masikio yake akiwa pale pale, kwa hiyo pale ndipo muziki ulipokamilika. Kwa kundi la ngoma tupu unaweza kusogea. Kwa udi na kanuni usisogee: ala hizo zina sauti ndogo, fundi hulazimika kufungua maikrofoni sana, na spika za jukwaani zikiingia humo ndipo unaposikia ule mlio mkali unaofanya watu wazibe masikio.

Vizibo vya masikio vya sponji vinauzwa bei ya kutupa kwenye maduka ya dawa na ya vifaa vya ujenzi. Kwenye desibeli 100, kiwango ambacho mbele ya spika hufikiwa bila taabu, muda salama kwa masikio matupu ni kama robo saa. Kama umekuja na mtoto, mnunulie vile vya kufunika sikio zima, na mkae kwenye ngazi za ukumbi wa duara. Ngazi zenyewe ni za mawe na zimehifadhi joto la mchana, kwa hiyo chukua kanga ya kukalia. Itakufaa pia kujitanda ukipita mitaani.

Taarabu ndiyo sababu kubwa ya kuja hapa badala ya kwenda tamasha lingine lolote. Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa 1905; Culture Musical Club, yenye makao Vuga, ilianza 1958. Kundi la namna hii hufungua kwa bashraf, kipande cha ala tupu kisicho na mashairi, na hapo ndipo wageni huanza kupiga gumzo wakidhani wapigaji wanajaribu vyombo. Nyamaza. Wimbo mmoja huenda dakika kumi na zaidi: ala zinatangulia, mwimbaji anatoa ubeti, waitikiaji wanajibu, fidla zinarudia ule mstari, ubeti wa pili. Asiyejua Kiswahili anaweza kuchoka. Wewe unayekijua una karamu, maana ushairi ule umejaa mafumbo, na raha yake ni kugeuka kumtazama jirani kuona kama naye ameshtukia nani anapigwa kijembe.

Kumtunza mwimbaji fedha kuna taratibu zake. Weka noti za elfu moja na elfu mbili mkononi kabla wimbo haujaanza, usifungue pochi ukiwa mbele ya mwimbaji. Ondoka kwenye kiti pale ubeti unapokugusa, tembea kwa mwendo wa mapigo, mpe mkononi au weka mbele yake, rudi kwa njia ile ile. Usimzuie asionekane, usimng'ang'anie akupe mkono, na usisimame pale kujipiga picha. Kwenye jukwaa lenye uzio, mtazame mwangalizi wa pembeni. Akikuonyesha ngazi, panda, asipokuonyesha, mpungie noti mwimbaji na wasaidizi watakuja kuipokea.

Kidumbaki, ndugu mchangamfu wa taarabu, nakushauri umtafute nje ya jukwaa kubwa. Vyombo vyake ni fidla, vidumbaki viwili (ngoma ndogo), mkwasa (vijiti vya kugonganisha), cherewa (manyanga), na sanduku: boksi la mbao lililopinduliwa, fimbo na uzi mmoja, ambapo mpigaji hupandisha na kushusha sauti kwa kuivuta fimbo. Sanduku likiwekewa maikrofoni na kupitishwa kwenye spika kubwa hutoa mvumo usio na noti. Mtaani bila spika, likiwa hatua nne kutoka ulipo, kila noti inasikika. Na kidumbaki bila watu wanaocheza mbele yake ni nusu ya kidumbaki.

Ndiyo maana maandamano ya ufunguzi, ambayo ni bure, nayapa alama za juu kuliko usiku wowote wa kulipia. Huanzia upande wa Michenzani, Kisonge, jua likipoa, na kuishia Forodhani. Utaona beni (bendi za matarumbeta na ngoma), vikundi vya ngoma, wanasarakasi, watu wa miguu ya miti; Mbwa Kachoka na matarumbeta yao ni sura iliyozoeleka hapo. Kosa la kawaida ni kusubiri Forodhani, ambako umati umeshafunga barabara na huoni kitu isipokuwa migongo. Nenda Kisonge nusu saa kabla, ingia nyuma ya beni na utembee nao. Viatu viwe vya kufunika vidole, maji yawe mkononi: joto la mchana Februari ni nyuzi 32 au 33 na hewa ni nzito.

Wiki nzima, mbali na siku za majukwaa makubwa, mji unakuwa na shughuli ndogo ndogo. Kuna maonyesho ya kando, ya bure au ya kiingilio kidogo, kwenye mikahawa na mitaa ya Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe. Kuna mikutano ya mchana ya wasanii na waandaaji, ambayo inamfaa mwenye kazi ya muziki; mtu wa kujiburudisha tu atasinzia. Kuna wanafunzi na walimu wa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, DCMA, kilichoanza 2002, ambao utawakuta karibu kila mahali, jukwaa kubwa na dogo. Katika ratiba tafuta jina Swahili Encounters: wanamuziki wa nchi tofauti wanaofanya mazoezi siku chache pamoja kisha wanapanda jukwaani. Matokeo hayalingani. Mara nyingine kila mtu anamwogopa mwenzake, mara nyingine unasikia kitu ambacho hakitarudiwa tena. Mimi hukichagua hicho mbele ya nyota wa kufunga usiku.

Singeli nayo imeshaingia ratibani, na mapigo yake ya 200 hadi 300 kwa dakika. Hapo sahau ushauri wote wa meza ya fundi mitambo, nenda mbele na ujiandae kutoka jasho.

Bei za tiketi hutofautiana kulingana na utokako, na Mtanzania ndiye hulipa kidogo. Beba kitambulisho, kwa sababu langoni utaulizwa uthibitishe daraja ulilolipia. Tiketi hubadilishwa kwa utepe wa mkononi. Fanya hivyo mchana. Saa mbili usiku foleni ya utepe na foleni ya kuingia huwa kitu kimoja. Ukifungiwa utepe, uache nafasi ya kidole kimoja, maana ukikaza sana mkono utavimba kwa joto, na ukiulegeza ukachomoka hupewa mwingine. Kama una usiku mmoja tu, chagua ule wenye taarabu mapema, hata kama jina la kufunga hulijui.

Muziki husimama wakati wa adhana. Magharibi ni kama saa kumi na mbili na dakika arobaini, Isha ni karibu saa mbili kasoro dakika kumi. Ratiba imeshapangwa kwa kujua hilo, nawe panga chakula chako humo humo. Toka kabla ya Magharibi, vuka barabara, kula Forodhani, urudi. Pale uliza bei kabla mshikaki haujaenda motoni, na uulize ya kijiti kimoja, siyo ya sahani. Ngisi, pweza na kamba waliopangwa mezani kwa kawaida wameshapikwa na hupashwa moto tu, kwa hiyo nenda kwenye meza yenye wateja wengi, ambako kitu hakikai. Urojo ni salama zaidi na unashibisha: viazi, bajia, kachori, mchuzi wa ukwaju na embe, chipsi za muhogo juu. Pilipili iombe kando.

Malazi sina mengi ya kusema. Shangani ni karibu na ni ghali. Mlandege, Kikwajuni na Michenzani ni dakika kumi na tano hadi ishirini kwa miguu, bei iko chini, na kelele za usiku ni chache. Ukilala Nungwi au Paje huwezi kufaidi tamasha hili: muziki huisha kama saa saba usiku, daladala zimeshalala, na teksi ya saa hiyo itakugharimu kuliko kiingilio. Kutoka uwanja wa ndege daladala namba 505 inafika Darajani. Fedha taslimu toa siku moja kabla ya ufunguzi, kwa sababu wikiendi ya tamasha mashine za benki za Mji Mkongwe hukauka. Kwenye simu weka salio la kutosha mapema. Mawakala nao hukosa floti.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe unapopita mitaani, hata kama ndani ya Ngome utaona watu wamevaa watakavyo na pombe inauzwa. Ijumaa kuanzia saa sita mchana maduka mengi hufungwa kwa ajili ya sala, nunua mahitaji yako asubuhi.

Boti ya kasi kutoka Dar es Salaam hutumia muda wa karibu saa mbili, na ya mwisho huondoka alasiri, kwa hiyo ukitaka kuwahi maandamano vuka asubuhi. Tiketi nunua kwenye dirisha la kampuni yenyewe, usimfuate papasi (dalali wa mitaani) anayekuita njiani. Asiye Mtanzania abebe pasipoti hata kama anatoka Dar tu, kwani Unguja wanaikagua na kugonga muhuri. Ya kurudi chukua siku ile ile unaponunua ya kwenda. Asubuhi inayofuata usiku wa mwisho kila mtu anataka boti ya kwanza, pamoja na bendi na masanduku yao ya vyombo, na ukiikosa utakaa kwenye joto la bandari kusubiri ya mchana.