Wicked katika ukumbi wa Apollo Victoria, London

Tamthilia ya muziki ya Wicked imekuwa ikioneshwa katika ukumbi wa Apollo Victoria tangu Septemba 2006, na ni rahisi mtu kudhani kwamba kazi iliyokaa jukwaani muda wote huo imekwishachuja, na kwamba waigizaji wake sasa wanaitimiza kama zamu ya kiwandani. Niliyoyaona mchana wa Jumamosi, nilipokwenda na mpwa wangu, yalikuwa kinyume kabisa cha dhana hiyo. Naandika kwa ajili ya wasomaji wanaoishi Uingereza, au wanaopita London, ambao hujiuliza kama tiketi ya West End, eneo la kumbi kubwa za tamthilia London, inalingana na bei yake. Kwa tamthilia hii jibu langu ni ndiyo, ingawa lipo jambo moja zito la riwaya iliyozaa tamthilia hii ambalo jukwaa limelipunguza makali, na ningependa atakayekwenda alifahamu mapema.

Kuufikia ukumbi hakuna taabu: ukitoka katika stesheni ya Victoria upande wa Wilton Road unavuka barabara tu. Jengo lilifunguliwa mwaka 1930 likiwa sinema, na mbunifu wake alikusudia mtazamaji ajihisi yuko chini ya bahari. Kusudio hilo bado linaonekana katika mapambo ya kuta na katika taa, ambazo kwa sasa hutoa mwanga wa kijani unaoafikiana na hadithi. Viti vimepita 2,000, vimegawanywa chini na ghorofani. Sisi tulikaa ghorofani, safu za mbele, na nashauri hivyo kwa anayekwenda mara ya kwanza, kwa sababu juu ya jukwaa kuna joka kubwa la chuma ambalo huamka, hutikisa mabawa na kutoa moshi onyesho linapoanza. Anayekaa nyuma kabisa huko chini hufunikwa na sakafu ya ghorofa, na sehemu ya juu ya jukwaa humpotea.

Chimbuko la tamthilia ni riwaya ya Gregory Maguire iliyochapishwa mwaka 1995. Maguire alimchukua Mchawi Mwovu wa Magharibi, yule adui wa hadithi ya watoto ya L. Frank Baum ya mwaka 1900 kuhusu nchi ya kubuni ya Oz, ambaye ulimwengu ulimfahamu zaidi kwa filamu ya mwaka 1939, The Wizard of Oz, akauliza alizaliwa wapi, alilelewa na nani, na ni nani aliyempa sifa ya uovu. Stephen Schwartz alitunga muziki na maneno ya nyimbo, Winnie Holzman akaandika mazungumzo, na Oktoba 2003 tamthilia ikafunguliwa Broadway, New York. Holzman na Schwartz waliipanga upya hadithi yote kuzunguka urafiki wa wasichana wawili waliolazimika kuishi chumba kimoja chuoni: Elphaba, aliyezaliwa na ngozi ya kijani na kuchukiwa na baba yake, ambaye ndiye atakayekuja kuitwa Mchawi Mwovu, na Galinda, mrembo anayependwa na kila mtu.

Tukio lililonithibitishia kwamba uamuzi huo ulikuwa sahihi halina mitambo wala wimbo. Galinda amempa Elphaba kofia nyeusi yenye ncha, kwa nia ya kumfanya achekwe na watu, naye Elphaba anaingia nayo kwenye dansi akiamini amepewa zawadi. Wanafunzi wote wanasimama na kumkodolea macho. Badala ya kukimbia, anaanza kucheza peke yake, pasipo muziki, kwa miondoko isiyofanana na ya mtu mwingine yeyote, huku kicheko kikipita pembeni yake. Kisha Galinda, ambaye uso wake umeanza kuonesha haya, anamsogelea na kuiga miondoko ile ile, vibaya mwanzoni, halafu kwa uangalifu, hadi umati mzima unawafuata. Mwigizaji wa Elphaba siku ile aliuacha ukimya urefuke kuliko nilivyotarajia, na ukumbi wenye watu wote wale haukutoa hata kikohozi. Riwaya hujenga uhusiano huu taratibu, kurasa kwa kurasa. Hapa dakika chache zimetosha.

Kuhusu muziki, nitataja jambo moja ambalo huwafurahisha wanaosikiliza kwa makini. Kuna kipande kifupi cha sauti kinachomfuata Elphaba kila anapoota ndoto kubwa, na Schwartz alikijenga kwa kuchukua noti saba za kwanza za wimbo maarufu kuliko zote wa ile filamu ya mwaka 1939, akazibadilishia mapigo kiasi kwamba wengi hawazitambui. Kipande hicho hurudi katika wimbo unaofunga sehemu ya kwanza, pale Elphaba anapoukataa utawala wa Mchawi wa Oz, mtawala wa nchi hiyo, na kupaa juu ya jukwaa na ufagio wake, huku vazi lake jeusi likitanda na miali ya taa ikimchoma kutoka nyuma. Nilikwisha kuiona picha ya tukio hilo mara nyingi, lakini hakuna picha inayoweza kubeba uzito wa sauti ya binadamu ikisukuma noti ya mwisho mbele yako.

Sasa nije kwenye upungufu. Katika nchi ya Oz wapo wanyama wanaosema, wanaofundisha na kuabudu kama watu, na utawala unawanyang'anya haki hizo mmoja baada ya mwingine. Jukwaani jambo hili limebebwa karibu lote na Dillamond, mbuzi anayefundisha historia, ambaye neno linamkatikia kinywani na kugeuka mlio wa mbuzi. Aliigizwa kwa heshima kubwa, na mpwa wangu alininong'oneza akiuliza kwa nini mwalimu yule anachukuliwa na hakuna anayemtetea. Katika riwaya Dillamond anauawa, na kifo chake ndicho kinachomsukuma Elphaba kuingia katika mapambano ya siri. Katika tamthilia anaondolewa, anatajwa mara chache, kisha nafasi yake inamezwa na kisa cha mapenzi. Hata hivyo kauli ya Mchawi wa Oz, kwamba njia nzuri ya kuwaunganisha watu ni kuwapa adui, imebaki, nayo ilinigusa sana. Sisi tuliokulia katika nchi ambako wanawake wazee waliuawa kwa kusingiziwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho yaliyowiva kwa moshi wa kuni, hatuhitaji kufafanuliwa jinsi rangi ya mwili inavyoweza kugeuzwa ushahidi.

Sehemu ya pili inakwenda mbio mno. Matukio yanayounganisha hadithi na ile ya Baum yanarundikana, na wahusika wawili wanapata mabadiliko makubwa kabla mtazamaji hajapata nafasi ya kuwahurumia. Kinachoikomboa ni wimbo wa kuagana wa marafiki wale wawili, ulioimbwa kwa utulivu bila madoido, pamoja na maleba ya Susan Hilferty, aliyeshinda Tuzo ya Tony, tuzo kuu ya tamthilia za Broadway, ya mwaka 2004 kwa kazi hii. Tazama jinsi mavazi ya watu wa Mji wa Zumaridi, mji mkuu wa Oz, yalivyokatwa kwa makusudi upande mmoja usilingane na mwingine.

Onyesho la mchana lilianza saa nane na nusu na pamoja na mapumziko lilichukua takriban saa mbili na dakika arobaini na tano, kwa hiyo mwenye watoto anapata muda wa kutosha kurudi nyumbani mapema. Waandaaji hupendekeza watoto wa kuanzia miaka 7, nami naafiki. Nyimbo za kundi huimbwa kwa Kiingereza cha kasi, hivyo ukimpeleka mzazi asiyekizoea, msimulie hadithi njiani. Riwaya yenyewe isomwe baadaye, na isomwe na mtu mzima, kwa kuwa ina ukatili na mambo ya chumbani ambayo hayamo kabisa jukwaani.